Kofi na Mashahidi Wake



Nianze na kifungu kimoja cha sheria, maana kila ninapokitaja mbele za watu naona wengi wanageukiana. Mwaka 1971, Mwalimu Nyerere akiwa bado Ikulu, Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Ndoa. Kifungu chake cha 66 kinatamka kwamba, mila iseme isemavyo, hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga. Hakikuwekewa "isipokuwa" hata moja. Wengi wetu humu ndani tumezaliwa kifungu hicho kikiwapo, na wengi tumeoa na kuolewa bila kukisikia.

Sasa njooni mwaka 2015 na 2016. Wadadisi wa utafiti wa taifa wa demografia na afya walipita nyumba kwa nyumba nchi nzima. Miongoni mwa maswali mengi waliuliza kama ni haki mume kumpiga mkewe akiunguza chakula, akibishana naye, akitoka bila kumwambia, akiwaacha watoto bila uangalizi, au akimnyima unyumba. Waliokubali japo sababu moja walikuwa asilimia 40 ya wanaume. Wanawake walikuwa asilimia 58.

Wapo wanaoipokea takwimu hiyo kwa kicheko: mnaona, wenyewe wanataka. Hapana. Ukimuuliza mfungwa saa ngapi taa zinazimwa, atakujibu sawasawa kuliko bwana jela, na hilo halina maana kwamba anapenda giza. Mwanamke aliyejibu "ndiyo" alikuwa anaeleza kanuni za nyumba anayoishi. Anazijua kwa sababu asipozijua ataumia. Na tazameni zile sababu tano zilivyopangika: kila moja ina kosa lake na mkosaji wake, na kipigo ndiyo adhabu. Kuunguza chakula huwa kunapata kura chache. Kutelekeza watoto na kubishana na mume kunapata nyingi. Yaani watu wanapima hata uzito wa kosa. Hiyo ni sheria kamili, haijachapishwa popote, na inafuatwa kuliko ile ya Bunge.

Jioni ya leo nitajaribu kuonyesha kwamba ukatili dhidi ya wanawake umeenea kiasi hiki kwa sababu hiyo hasa: tumeufanya adhabu halali, na adhabu yoyote inahitaji watu wanaoikubali. Ndiyo maana nitazungumza kidogo kuhusu anayepiga, na zaidi kuhusu waliokaa pembeni wakitazama.

Lakini kwanza tukubaliane ni kiasi gani. Wengi huziogopa takwimu za mambo haya, wakidhani zinapikwa na mashirika yanayotafuta fedha za wafadhili. Basi niwaeleze zinavyopatikana. Mdadisi huwa ni mwanamke. Kwenye kila kaya iliyochaguliwa kwa sehemu hii ya maswali, anahojiwa mwanamke mmoja tu, ili mwingine wa humo humo asijue mwenzake ameulizwa nini. Wanatafuta mahali pa faragha, na faragha ya uswahilini mnaijua: uani, nyuma ya choo, chini ya mwembe. Mama mkwe akitokea na ungo wake wa mchele, kwamba naye anataka hewa, mdadisi anahamia maswali ya chanjo za watoto au anafunga kabisa sehemu ile. Faragha isipopatikana, mahojiano hayo hayafanyiki. Na neno "ukatili" halitumiki. Mwanamke anaulizwa kitendo kimoja kimoja. Amewahi kukusukuma, kukutikisa, kukurushia kitu? Kukuzaba kofi? Kukusokota mkono au kukuvuta nywele? Ngumi? Teke, au kukuburuta? Kukukaba au kukuchoma makusudi? Kukutisha kwa kisu au silaha nyingine?

Utaratibu huo una maana kubwa. Mwulize mwanamke kama amewahi kufanyiwa ukatili, atakwambia hapana, mume wangu ni mtu mzuri, huwa ananirudi tu nikikosea. Mwulize kuhusu kofi, atahesabu.

Kwa utaratibu huo, mwaka 2015-16 asilimia 40 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walisema wamewahi kupigwa tangu walipofikisha miaka 15, na asilimia 17 walisema wamewahi kufanyiwa ukatili wa kingono. Utafiti wa 2022 ulipata 27 na 12. Kenya waliopigwa walikuwa asilimia 45 mwaka 2014, wakawa 34 mwaka 2022. Mapema zaidi, miaka ya 2000 mwanzoni, Shirika la Afya Duniani pamoja na watafiti wa Muhimbili waliwauliza wanawake waliowahi kuwa na mume au mwenza kama mwenza huyo amewahi kuwapiga au kuwaingilia kwa nguvu. Dar es Salaam waliosema ndiyo walikuwa asilimia 41, Mbeya asilimia 56. Kwa dunia nzima, shirika hilo hilo lilikadiria mwaka 2021 kwamba kati ya wanawake 100 wa miaka 15 hadi 49 waliowahi kuwa na mwenza, 27 wamepatwa na hayo. Kwa hiyo asitokee mtu akasema hili ni janga la Waafrika, wala asitokee mwingine akasema Wazungu wametuletea maneno tu.

Takwimu zimeshuka, kwetu na kwa jirani. Mimi naamini sehemu kubwa ya kushuka huko ni ya kweli, maana kumetokea katika nchi mbili zenye serikali mbili na wadadisi tofauti. Lakini zaidi ya mwanamke mmoja katika kila wanne, baada ya kushuka, bado ni kiasi ambacho ugonjwa wowote ungekifikia tungefunga shule.

Kuna swali huwa linaulizwa na kijana wa safu ya nyuma, nilijibu kabla halijaja: mbona wanaume nao wanauawa? Ni kweli, tena wanaume ndio wengi. Duniani, katika kila watu kumi wanaouawa kwa makusudi, takriban wanane ni wanaume. Tofauti iko kwenye nani anaua na wapi. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2023 wanawake na wasichana 51,100 waliuawa na wenza wao au watu wa familia zao, ambao ni asilimia 60 hivi ya wanawake wote waliouawa mwaka huo. Kwa wanaume, wanaouawa na watu wa nyumbani ni kama 12 kati ya 100. Mwanamume anachopaswa kuogopa kiko barabarani, baa na mpakani. Mwanamke anafunga mlango usiku na kumfungia hatari humo humo ndani. Afrika ndiyo iliyokuwa na kiwango cha juu kuliko mabara yote. Kenya, ambako maelfu waliandamana Januari 2024 kwa sababu ya mauaji haya, polisi walitangaza mwaka huo huo kwamba wanawake 97 walikuwa wameuawa katika miezi mitatu.

Sasa kwa nini.

Jibu la kwanza tunalopewa, na pale kituoni ndilo huandikwa, ni hasira. Alipandwa na hasira. Tumfuate basi huyo mwenye hasira tangu asubuhi. Msimamizi amemtukana kazini mbele ya vijana wadogo, akanyamaza. Konda amekataa kumrudishia chenji, wamejibizana, yakaisha. Trafiki amemsimamisha na bodaboda yake, akasema "samahani afande" mara nne. Saa mbili usiku anafika nyumbani, ugali haujaiva, na hapo ndipo hasira inapomshinda. Kabla ya kupiga anafunga dirisha. Anaongeza sauti ya redio. Anapiga mgongoni na mapajani, mahali ambapo kitenge kitafunika. Mwenye nyumba akigonga mlango kudai kodi, mkono unashuka na anaitika "karibu mzee" kwa sauti ya kawaida kabisa. Huyo mtu hajapotewa na akili. Anajua nani anapigika na nani hapigiki, na ujuzi huo hakuzaliwa nao.

Pombe nayo. Sitaitetea, kila utafiti unaonyesha kwamba mke wa mlevi hupigwa zaidi. Lakini mlevi huyo huyo akinyimwa bia ya mkopo hampigi mama muuza. Pombe inaondoa breki, na gari linateremkia kule kule lilikokwisha kuelekezwa.

Kuelekezwa huko kunaanza mapema. Mwaka 2009 Tanzania ilifanya utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, na karibu wasichana watatu katika kila kumi walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Wavulana walikuwa mmoja katika kila saba. Waliopigwa na watu wazima walikuwa wengi mno katika jinsia zote, takriban robo tatu. Fimbo ya shuleni bado ni halali nchini mwetu kwa utaratibu uliowekwa. Mtoto anakua akijua kwamba anayekupenda na mwenye mamlaka juu yako ndiye anayekupiga, na kwamba baada ya kupigwa unaomba msamaha wewe.

Lakini hayo yote yanamweleza mpigaji. Turudi kwa mashahidi.

Mmekaa vikao hivi, wengine mmeviongoza. Mkeka umetandikwa sebuleni. Baba mkubwa wa mume yupo, mshenga yupo, shangazi wa mke ameitwa kutoka mbali na nauli ameikopa. Mwanamke amefunika kichwa na kanga upande mmoja, upande ule uliovimba. Swali la kwanza la kikao linaelekezwa kwake: "Ulimkosea nini mwenzio?" Anaanza kueleza habari ya ada ya mtoto, kwamba aliiuliza mara ya pili. Mume anaingilia, "Ndiyo hivyo hivyo, huwa ananijibu." Wazee wanaitikia kwa kichwa, shauri limeeleweka. Hukumu inatoka: mume anaonywa asimpige usoni, maana ni aibu kwa ukoo, mke anaambiwa aombe radhi kwa kujibu. Soda zinafunguliwa. Wakiwa wanatoka, shangazi anamshika mkono mpwawe jikoni na kumwambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, sote tulivumilia."

Shangazi huyo si mtu katili. Amepiga hesabu na hesabu yake ni sahihi: mpwawe ana watoto watatu, nyumbani kwao chumba chake amehamia kaka aliyeoa, na mahari ilishaliwa. Anachokosea ni kudhani kwamba hesabu hiyo imeshuka toka mbinguni. Kikao kile ndicho kimeiandika upya, na kila kijana aliyekuwa anapita sebuleni kuchukua chaja yake amesikia hukumu: kupiga kunaruhusiwa, mradi usiwe usoni.

Nje ya kikao kuna majirani. Katika nyumba zetu za kupanga, kuta nyingi za vyumba hazifiki kwenye paa, kwa hiyo kila kofi lina wasikilizaji sita au saba. Kesho asubuhi bombani watu wanaulizana bei ya nyanya. Tunasema ya ndoa hayaingiliwi. Mwizi wa kuku akipigiwa kelele, mtaa mzima unatoka na marungu saa nane za usiku.

Na tusidhani elimu peke yake inatibu. Pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kulikuwa na kitu kikiitwa Mzee Punch: karatasi na michoro isiyo na jina la mwandishi, iliyobandikwa ukutani kuwadhihaki watu. Ilianza kama mzaha wa wanafunzi, ikaishia kuwa fimbo ya kuwachapa wasichana, hasa wale waliowakataa wanaume. Mwaka 1990 mwanafunzi Levina Mukasa, baada ya kuandamwa na vijana wa Punch, alijitoa uhai. Chama cha Wanahabari Wanawake, TAMWA, kilichokuwa na miaka mitatu tu tangu kianzishwe, kilipaza sauti, na Punch ikapigwa marufuku. Waliobandika walikuwa wachache. Karatasi zile zilipata nguvu kwa mamia ya wasomi, wengine leo ni wakubwa serikalini, waliosimama mbele ya ukuta ule, wakasoma, wakacheka, wakaenda darasani.

Jibu jingine tunalopewa ni umaskini, na hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu kuna ukweli ndani yake ila umepinda. Mwanaanthropolojia wa Denmark, Margrethe Silberschmidt, alifanya utafiti wa miaka mingi Kisii, Kenya, kisha Dar es Salaam. Alichokiona ni kwamba wanaume walikuwa wamebaki na cheo bila kazi ya kile cheo. Zamani kichwa cha nyumba alikuwa na ng'ombe, ardhi, na watu wa kuwaamulia. Ukoloni ukaleta kodi na kibarua cha mbali, ardhi ikagawanyika mpaka ikawa vipande, kibarua nacho kikakauka. Mke ndiye anayelima, anayeuza sokoni, anayelisha. Mume bado anaitwa kichwa. Ukimvua mtu kila alichokuwa akitawala ukamwachia jina la mtawala, atatafuta mahali pa kuthibitisha jina hilo, na mahali palipobaki ni kwenye mwili wa mkewe. Kwa hiyo si njaa yenyewe inayopiga. Inayopiga ni hofu ya kupungua mbele ya mwanamke.

Kama ingekuwa njaa, wanawake wenye fedha wangekuwa salama. Angalieni Iten, mji wa wakimbiaji kule Bonde la Ufa, Kenya. Agnes Tirop aliweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 kwa mbio za wanawake watupu Septemba 2021. Mwezi mmoja baadaye alikutwa nyumbani kwake amechomwa kisu, na mumewe akashtakiwa. Aprili iliyofuata, mwanariadha mwingine, Damaris Mutua, akakutwa ameuawa katika mji huo huo. Kisha Rebecca Cheptegei wa Uganda, aliyekuwa amejenga Endebess, Trans Nzoia. Agosti 2024 alikimbia marathoni ya Olimpiki Paris. Tarehe 1 Septemba mwanamume aliyewahi kuwa mwenza wake alimmwagia petroli na kumwasha. Alifariki tarehe 5, Eldoret. Kulikuwa na ugomvi wa kiwanja kati yao.

Watu wa riadha wanaujua mtindo huo vizuri. Binti wa miaka kumi na tisa anaanza kushinda, anajitokeza mwanamume anayejiita kocha, anakuwa mume, akaunti ya benki inakuwa ya wawili na hati ya shamba inaandikwa jina moja. Siku binti anapouliza fedha zimekwenda wapi, ameshavunja kanuni: amebishana. Medali haimwondoi kwenye ile orodha ya makosa matano. Wenzake wa Tirop walianzisha kundi la kuwasaidia wanariadha walio katika hali hiyo, wakaliita Tirop's Angels, na nadhani wamefanya mengi kuliko vyama vya riadha vyenye ofisi na magari.

Kisha kuna wanawake ambao hawamo kabisa katika asilimia nilizozitaja. Mliona umri: miaka 15 hadi 49. Bibi wa miaka 65 haulizwi. Sasa tazameni Meatu, zamani Shinyanga, leo Simiyu. Mwanauchumi Edward Miguel alikusanya taarifa za vijiji 67 vya huko kuhusu mauaji ya wanaoitwa wachawi, ambao karibu wote ni vikongwe wa kike na wanaowaua huwa ni ndugu zao. Aliyapambanisha mauaji hayo na mvua. Mwaka wa ukame au mafuriko, mauaji ya "wachawi" yaliongezeka karibu mara mbili, na mauaji ya aina nyingine hayakuongezeka. Mvua ikikataa, chakula kikipungua, ukoo unahesabu midomo na kuuona mdomo mmoja usioingiza kitu. Macho mekundu yaliyoharibiwa na moshi wa miaka hamsini jikoni yanageuzwa ushahidi. Ongezeni juu yake sheria za kimila zilizoandikwa mwaka 1963, ambazo chini yake mjane harithi ardhi ya mumewe, na mnapata mwanamke aliyekaa juu ya shamba ambalo kila mtu anaona si lake. Anayetaka kuelewa imani za kichawi Usukuma aanze na jembe na hati ya shamba, mambo ya hirizi yatakuja baadaye.

Nimesema adhabu inahitaji wanaoikubali, na dola nayo ni mojawapo. Nisiwaonee askari: madawati ya jinsia na watoto yako zaidi ya 400 katika vituo vya polisi, na nimewaona askari wa kike wanaokaa na mwathirika mpaka usiku wa manane. Zanzibar wana vituo vya mkono kwa mkono ambapo daktari, askari na mshauri wanapatikana sehemu moja, na tangu 2021 wana mahakama maalumu ya makosa haya. Lakini fuateni njia ya mwanamke wa kawaida Bara. Amepigwa Ijumaa usiku. Anakwenda kituoni apewe PF3, fomu ya polisi ya kupelekea matibabu. Dawati la jinsia limefungwa mpaka Jumatatu, anaandikisha kaunta, mbele ya foleni ya watu waliopoteza simu. Hospitali wanajaza. Wakati anarudi na fomu, mume ameshapata dhamana na ndugu zake wako nyumbani kwao mwanamke na mbuzi. Wanamwuliza: ukimfunga, nani atalipa kodi ya nyumba? Anafuta kesi. Askari, aliyeona hayo mara mia, anakuja kuamini kwamba kesi za wanawake hazina mwisho, na anayefuata anamwambia tangu mlangoni: "Mama, kayamalizeni nyumbani."

Akitaka talaka, ile ile sheria nzuri ya 1971 inamtaka kwanza apite kwenye baraza la usuluhishi, lithibitishe kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Misamaha ipo, wanaoijua ni wachache. Yaani tumechukua kikao cha mkekani tukakipa muhuri. Akifika kwenye mgawanyo wa mali, ana deni la shukrani kwa Bi Hawa Mohamed, ambaye kesi yake ya 1983 ndiyo iliyoifanya Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Nyalali, itamke kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe rufaa yake ilitupwa. Waliofaidika ni waliokuja baada yake.

Kenya walitunga sheria ya kulinda watu dhidi ya ukatili wa nyumbani mwaka 2015, na mahakama inaweza kumwamuru mpigaji akae mbali. Sisi hatuna sheria ya namna hiyo mpaka leo; tunaokoteza vifungu vya shambulio kwenye Kanuni ya Adhabu. Na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, kali kiasi cha kumfunga mbakaji miaka 30, inamwacha mume anayeishi na mkewe. Mbunge akisimama kulizungumza hili anaambiwa anataka kuvunja ndoa za watu. Nimelisikia jibu hilo mara nyingi na sijaona hata siku moja likifuatwa na hoja.

Je, kuna kinachopunguza? Kipo, na kimepimwa. Kampala, katika maeneo ya Rubaga na Makindye, shirika la Raising Voices liliendesha programu waliyoiita SASA!. Mitaa minane iligawanywa, minne ikapata programu, minne ikasubiri. Wahamasishaji walikuwa wakazi wa hapo hapo, wanawake na wanaume, na waliambiwa wasianze na ukatili. Walianza na mamlaka: nani ana mamlaka juu yako, unajisikiaje akiyatumia vibaya, na wewe unayo juu ya nani? Mazungumzo yalifanyika kijiweni, saluni, kwenye foleni ya maji. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2014, ukatili wa kupigwa na mwenza katika mwaka uliotangulia ulikuwa chini kwa asilimia 52 kwenye mitaa iliyopata programu. Kinachonivutia zaidi ni kwamba ulishuka kwa mtaa mzima, wakiwemo wasiohudhuria mazungumzo. Wapigaji hawakuondoka Kampala. Majirani ndio walioanza kugonga mlango.

Kwetu, Mwanza, wanawake wa vikundi vya mikopo walijaribiwa kwa mafunzo ya mikutano kumi kuhusu ndoa, haki na ukatili. Kabla ya mafunzo, asilimia 61 ya wanawake hao walikuwa wamewahi kupigwa au kuingiliwa kwa nguvu na wenza wao. Baadaye, kwa mwaka uliopita tu, waliopatwa na hayo walikuwa 23 kati ya 100 kwenye vikundi vilivyofundishwa na 27 kwenye vingine. Tofauti ndogo. Nadhani sababu inaonekana: Mwanza walifundishwa wanawake, Kampala ulifundishwa mtaa. Mwanamke anaweza kurudi kutoka mafunzoni akijua haki zake zote na kukuta kikao kile kile kimekaa kwenye mkeka ule ule.

Utafiti mwingine wa taifa utakuja, kama kawaida, na magazeti yataandika asilimia ya waliopigwa kwenye kichwa cha habari. Mimi nitaanza kusoma nyuma. Nitafungua kwanza jedwali la wanaosema mume ana haki ya kupiga, kisha jedwali linaloonyesha waliopigwa walimwambia nani. Hadi sasa wanaosema huwa wanakwenda kwa ndugu zao na kwa ndugu wa mume, polisi ni kidogo, na walionyamaza kabisa ni wengi mno. Basi swali langu kwa Mwenyekiti wa mtaa, aliyekuwa mwungwana akaja kunisikiliza, na kwa masheikh na wachungaji niliowaona pale mbele, ni la kiutaratibu tu: kikao kitakachokaa Jumamosi hii, swali la kwanza ataulizwa nani?